Mstari wa Tatu

Jina. Jina la baba. Kabila.
Huo mstari wa tatu ndio ulionilisha
miaka thelathini na mmoja,
ukanipandisha Micheweni kwa baiskeli ya kuazima,
ukanivusha hadi nchi za theluji
nikaeleze, ndani ya koti lisilo langu,
nani kwetu alifika chuo kikuu
na nani aliambiwa nafasi zimejaa.

Leo nafunga ofisi ya Tunguu.
Hojaji zimetafunwa na mende pembeni,
majibu yamebaki.
Mhojiwa wa arubaini na moja, Konde,
kila swali alilijibu kwa swali.
Kabila? "Kwani hapo ulipo unamwona nani?"
Mtoto alifaulu? "Nani kasema hakufaulu?"
Wa hamsini na nane, karani mstaafu,
alifunga dirisha kwanza, ndipo akamimina kahawa.
Orodha, alisema, zilikuja zimeshapigwa chapa,
yeye kazi yake kuzisoma kwa sauti.
Nikaandika: hakupenda kuendelea.
Alikuwa akilia. Sikuwa na kisanduku cha hilo.

Babu yangu wa Mtambwe
sensa moja ilimwita Mswahili,
iliyofuata Mshirazi, ya tatu Mwafrika,
naye hajahama nyumba wala hajabadili kofia.
Bibi akicheka mpaka anashika mbavu:
"Nimeolewa na wanaume watatu, mahari nimepewa moja!"
Nilianzia hapo somo langu kila mwaka.
Wanafunzi hucheka, huandika,
halafu huuliza kama litakuja kwenye mtihani.

La Khelef sikulisomesha.

Kaka yangu, tumbo moja, mwaka mmoja mbele.
Hesabu yeye tisini na moja, mimi sitini na nane.
Mwaka wake baba alilazwa Chake,
akaenda skuli mjomba Nassor na kilemba chake.
Kabila? Akajibu kama anayejitambulisha harusini:
"Sisi Waarabu, tena wa kujulikana."
Mwaka wangu baba alikwenda mwenyewe,
anakohoa, kaegemea bega langu.
"Mshirazi," akasema, polepole,
kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala.

Mimi nikapata nafasi.
Khelef akatengeneza cherehani nyuma ya soko la Wete,
na hadi leo anatengeneza.
Mamia ya watu nimewahoji, yeye sikumhoji.
Ndugu haingii kwenye sampuli, nilisema,
ndizo kanuni za utafiti. Na kanuni kweli zipo;
nilijificha humo kama mtoto uvunguni.

Mwezi uliopita nilikwenda. Hojaji mkobani,
haikutoka.
Kitabu changu kilikuwa chini ya mguu wa meza yake,
kimeizuia isicheze.
Akaona ninavyokitazama.
"N'mekisoma," akasema, "kabla sijakipa kazi.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, jumla yako haiji.
N'mejumlisha mara mbili. Asilimia mia na tatu."

Wahakiki wanne. Matoleo mawili.
Tukainua meza, tukakitoa,
jedwali limelowa mafuta ya mashine.
Nikafuata kwa kidole safu ya Washirazi, ya Waarabu,
safu ya Wengineo, ambayo sikuwahi kuipenda.
Mia na tatu.

"Hao watatu waliozidi," akauliza, "watoto wa nani?"

Nilikuwa bado natafuta miwani.
Yeye alikwisha kuirudia cherehani ya watu,
bisibisi mdomoni.
"Shika gurudumu hapo, Zeyana. Usiache mpaka n'kwambie."
Nikashika.